Bukari Ikiiva, Prof Anyamaze

Tasnifu ya Prof ilikuwa inakaribia kwisha. Ilikuwa inakaribia kwisha nilipohamia Ganshoren, pembeni mwa Brussels, kwenye jengo ambalo yeye na mkewe walikaa ghorofa ya juu yangu. Ilikuwa inakaribia kwisha binti yao Bénédicte alipoanza chekechea, na ilikuwa bado inakaribia kwisha binti huyo huyo alipomaliza chuo akaajiriwa. Ukimkuta kwenye lifti na mfuko wake wa viazi, ukamwuliza habari ya kitabu, alifumba macho kama mtu aliyebanwa kidole na mlango: "Inabakia conclusion, Tanzania. Conclusion tu." Tanzania ndiyo mimi. Nimezaliwa Kigoma, na kwa Wakongo wa Brussels hilo ni jina tosha.

Kama kweli alikuwa profesa, Mungu anajua. Mwenyewe alisema amefundisha chuo kikuu huko Lubumbashi, historia ya Uingereza ya enzi za kati, ile ya farasi na mapanga. Jamani, Lubumbashi! Mji umekaa juu ya shaba, kila mtoto anajua habari za migodi, yeye akaenda kuchimba wafalme wa Waingereza. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Akanitazama kwa huruma.

"Shaba, kila muntu anaijua. Kwa mambo ya Baingereza ba zamani nilikuwa peke yangu. Donc, basi, hakuna muntu alinishinda."

Hapo alisema kweli. Hakuna aliyemshinda kwa sababu hakuna aliyejitokeza kushindana.

Brussels sote wawili tulikuwa walinzi katika jengo moja la ofisi karibu na Schuman, penye ofisi za Umoja wa Ulaya, tunakagua beji za wakubwa. Juu ya sare alivaa koti zito la sufu la mtumba, lenye vifungo vikubwa vya chuma vilivyochorwa simba. Alilivaa hata Julai. Alisema simba wale ni wa wafalme wa Uingereza. Mkewe, Maman Prof, alisema ni wa kiwanda cha bia. Siku Waingereza walipofungasha virago kutoka kwenye jengo letu, nchi yao ikiwa imeamua kujitoa, wenzetu walikuwa wanawapungia mikono. Prof alimshika mmoja wao mlangoni akamwambia, kwa Kiingereza chake cha makanisani, kwamba mara ya mwisho bara lilipowafuata Waingereza nyumbani kwao, mfalme wao alipigwa mshale wa jicho. Yule bwana alicheka kidogo, akarudisha beji, akakimbilia teksi.

Kwa Prof kila jambo la duniani lilikuwa limeshatokea mwaka mille soixante-six, yaani 1066. Metro ikigoma, tukalazimika kutembea, mimi nalaani, yeye anafurahi: hivyo hivyo ndivyo mfalme wa Waingereza alivyotembea! Amepigana kaskazini na watu wa Norwei, ameshinda, hajavua hata viatu, anaambiwa Mnormani, yule mvamizi kutoka pwani ya Ufaransa, ameshuka kusini. Anageuza jeshi, mbio nchi nzima, wanafika hoi, wanapigwa. "Hawakushindwa na Munormand," alikuwa anasema, akihema kwenye mlima wa Rue de la Loi. "Balishindwa na miguu." Na lazima aongeze, akinyoosha kidole upande wowote alikodhani ndiko Flandria, kwao Waflamandi wa Ubelgiji: "Na kwa mukono wa kuume wa Munormand, ni nani alikuwa? Baflamand! Tanzania, usisahau ile." Nisahau vipi, jamani, wakati naambiwa kila Jumanne?

Tuligombana kweli mara moja tu, kuhusu ushairi. Mimi nimelelewa na vina na mizani. Shairi lisilo na vina kwetu ni hotuba iliyokatwakatwa. Yeye akaniambia kwamba mashairi ya kale ya Waingereza hayakuwa na vina mwishoni. Yaligongesha sauti za mwanzo wa maneno, na kwamba mtindo wa vina uliwashika baadaye, kwa kuigiza Wafaransa. Nikasema basi hayo hayakuwa mashairi. Lo! Alisimama kwenye kantini, akaanza kughani lugha ambayo hata Waingereza wenyewe wameizika, anapiga meza kwa ngumi kila neno zito linapokuja. Vikombe vinaruka. Msimamizi wetu, mama mmoja Mbelgiji mpole, alikuja kuuliza kama mzee anahitaji daktari.

Lakini somo lake kubwa, lile la machozi, lilikuwa lugha. Baada ya Mnormani kushinda, alisema, mabwana wote wakawa watu wa Kifaransa. Mahakama, Kifaransa. Mezani, Kifaransa. Kiingereza kikabaki jikoni, zizini na mgongoni kwa yaya. Zaidi ya miaka mia mbili! Kila mwenye akili alijua kimekufa. Kumbe wapishi hawakuambiwa. Waliendelea kukisema tu, watoto wakakinyonya, mpaka siku moja ikatoka sheria kwamba kesi mahakamani zisemwe kwa Kiingereza. Hapa Prof alikuwa anasimama, anakushika bega, anashusha sauti: "Na ile loi, ya kusema tuseme Kiingereza, baliandika na luga gani? Na Kifaransa!" Kisha anacheka peke yake, mpaka anakohoa. Baada ya hapo, alisema, washairi wakaanza kuandika kwa lugha ya jikoni, wakaandika habari za mahujaji, wasagaji wa unga na wake za watu, na ndipo dunia ikawasikiliza.

Maneno mazuri. Na huyu mtetezi wa lugha ya jikoni, akipokea simu kutoka manispaa alijibu kwa Kifaransa kinachotoka puani, na binti yake alimpeleka shule ya Kiflamandi, maana alisikia kwamba anayejua Kiflamandi Brussels hakosi kazi. Nilipomkumbusha kuhusu ule mkono wa kuume wa Mnormani, alisema hiyo ni stratégie.

Sasa, historia hii yote ingebaki kuwa mzigo wetu sisi majirani tu, kama si balaa la pili: Prof ndiye aliyekuwa msemaji. Asiyewajua watu wa Katanga wa Brussels ajue hili. Kijana akitaka kuoa, ukoo wake unakwenda kwa ukoo wa binti kutoa dot, yaani mahari, na baba mzazi hafungui mdomo. Ni mwiko. Anakaa kwenye kiti chake, amevaa vizuri, na msemaji anamsemea: anasifu, anatania, anabishana, anabembeleza. Msemaji mbovu anaweza kuvunja ndoa kabla haijaungwa. Prof alikuwa na sauti, alikuwa na mvi, na zaidi ya yote hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine kipaza sauti. Vijana walioomba kujifunza aliwaambia wasome kwanza. Wasome nini? Alikuwa hajamaliza kuandika.

Basi kila dot ilianzia Normandia. Unakaa na suti yako, una njaa, bibi arusi amefichwa chumba cha pili anatoka jasho, na Prof yuko anaunda merikebu za Mnormani, ubao kwa ubao. Mambo yaliharibika siku ya kijana wa Maman Chorale, yule mama anayeongoza kwaya yetu. Upande wa binti walikuwa watu wa Bukavu, waliokimbia vita na kuona kila aina ya mateso. Prof akasimama kuwasifu, akaona sifa nzuri ni kuwafananisha na Waingereza walioporwa ardhi na kuhesabiwa mpaka nguruwe wao. Baba mkubwa wa binti akasimama: "Mzee, sisi tulikuja kuozesha. Hatukuja kulilia nguruwe." Wakamchukua binti yao wakaondoka. Ilimchukua Maman Chorale majira mazima ya kupiga magoti mpaka wakarudi, na binti alikuwa ameshakonda.

Prof mwenyewe ndiye aliyejipalia makaa. Kiangazi kilichotangulia, kwenye pikiniki ya jumuiya huko Auderghem, kwenye uwanja wa majani kando ya msitu, alikuwa ametusimulia habari ya wale makabaila waliochoshwa na mfalme wao, wakamwita kwenye uwanja wa majani kando ya mto, wakamlazimisha akubali hati kwamba na yeye mfalme yuko chini ya sheria. Alisimulia vizuri mno. Mwaka uliofuata, uwanja ule ule, nyama ikiwa bado motoni, Maman Chorale alisimama na karatasi. Nyuma yake wamesimama kina mama wote wenye miiko. Mimi pia nilisimama nao, na sijutii hata kidogo.

Hati ilikuwa fupi. Msemaji akianza kusema, maji ya bukari yawekwe jikoni. Bukari ikiiva, anyamaze.

Usiyejua bukari, ni ugali. Na ugali haumsubiri mtu. Prof alisoma, akasoma tena. Mkuki kwa nguruwe! Nilidhani atachana. Badala yake aliisukuma mbali kalamu aliyopewa.

"Mufalme hakutia signature," alisema kwa uchungu. "Kila siku ninabaambia. Aligonga muhuri."

Akadai mshumaa. Ukatolewa ule wa keki ya mtoto fulani, ukayeyushwa, na Prof akainama akagonga simba wa kifungo cha koti lake juu ya nta. Tukapiga makofi. Tulidhani tumeshinda, kwa sababu tulikuwa wanafunzi wabaya. Hatukukumbuka mfalme yule alifanya nini baadaye. Alimwandikia Papa, na Papa akaifuta hati. Jumapili ile ile Prof alikwenda kwa Abbé wetu, na Abbé, padri kutoka Kolwezi ambaye mahubiri yake nayo yana ghorofa kadhaa, aliona wazi kina mama wakimaliza na Prof watahamia kwake. Akatangaza altarini kwamba ahadi iliyotolewa kwa kushurutishwa haimfungi mtu.

Hapo ikawa vita. Kwenye dot iliyofuata Prof alisimama, na kina mama wakaweka maji. Bukari ikaiva. Maman Chorale akatoka jikoni na kifuniko cha sufuria, akakigonga kwa mwiko. Prof akaendelea. Akagonga tena, na kina mama wote wakagonga, hata wageni wakacheka. Prof akakaa chini, Mnormani akiwa bado katikati ya maji. Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akasema hatamsemea tena mtu yeyote maisha yake yote, akatoka. Nami nilicheka siku ile. Kwenye lifti kesho yake hakunijibu salamu, nikaona kicheko kimekwisha utamu.

Halafu Bénédicte akaleta mchumba. Mflamandi. Mtu wa Oudergem, ndiyo Auderghem kwa Kiflamandi, mwendeshaji wa baiskeli, mpole kama maziwa.

Nilisikia kelele kutoka juu kupitia dari. "Nilikutuma kusoma Kiflamand, sikukutuma kuolewa na Muflamand!" Na sauti ya Bénédicte, kwa Kiswahili cha mama yake: "Papa, ulisema Kiflamand kitanipatia kazi. Kimenipatia bwana. Wewe unalalamika nini?" Kisha Maman Prof akicheka. Prof aliyatoa yote ya mkono wa kuume wa Mnormani, na binti akamwambia kwamba babu wa babu wa kijana alikuwa analima chikori, ile mboga chungu ya Wabelgiji, hakwenda vita yoyote. Mwisho akakubali. Angefanya nini? Huyo ndiye mtoto wake wa pekee.

Lakini kukubali ndiko kulikomfikisha pabaya. Siku ya dot ya binti yake, Prof angekaa kwenye kiti cha baba, mdomo umefungwa na mila. Nani atamsemea? Wasemaji wengine hakuwaacha wakakua. Wazee wote wa jumuiya walikuwa wamecheka vifuniko vikigongwa. Na upande wa pili wanakuja wageni wasiojua mila, walioombwa walete msemaji wao, na wamekubali kwa heshima zote. Binti akikosa mtu wa kumsemea mbele ya wakwe, ni aibu ambayo kina mama wataisimulia mpaka wajukuu. Mganga hajigangi.

Alishuka kwangu Jumamosi asubuhi, amevaa koti. Alikataa kukaa.

"Tanzania, wewe uko na ile Swahili ya kitabu. Baflamand hawatajua kama hauko muntu wa kwetu."

"Prof, mimi sijawahi kusema kwenye dot."

"Najua. Utasema vibaya." Akatazama zulia langu. "Lakini yeye ni mutoto wangu, na mimi siwezi kusema. Saidia miye."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba kitu. Nilimwita papa, jina ambalo sikuwahi kumpa, nikasema sawa.

Siku ilipofika, ukumbi wa parokia hapa Ganshoren ulijaa. Wageni walikaa upande wao, wekundu, wamenyooka, wana maua na kreti za bia. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mzee mmoja mkulima wa chikori, mikono kama majembe. Mimi nitasema Kiswahili, Maman Chorale ataweka kwa Kifaransa, na bwana harusi mwenyewe atawawekea watu wake kwa Kiflamandi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima: methali, matani, mbuzi wa kufikirika. Huko nyuma nikasikia maji yanawekwa jikoni. Nikasimama. Na maneno yote yakanitoka kichwani, yakaenda zake.

Nilimwangalia Prof. Amekaa pale, mikono magotini, midomo ameibana, na macho yake yananiambia: mpumbavu wewe, sema kitu! Nikafungua mdomo, na kilichotoka, Mungu wangu, nilikisikia kama wengine wanavyokisikia: "Wageni wetu, hapo kale Uingereza ilitawaliwa na mabwana waliosema Kifaransa."

Ukumbi mzima upande wetu uliguna. Maman Chorale alinitazama kama mtu aliyemtemea mate, lakini akatafsiri. Sasa ningerudi wapi? Nikaendelea. Mabwana mezani na Kifaransa chao, wapishi jikoni na Kiingereza chao, na kila mtu mwenye cheo akisema lugha ile ya jikoni haina maisha.

Mjomba aliinua mkono. Nikajua kwisha habari yetu. Alisema jambo refu, polepole, na kijana akatafsiri kwa sauti iliyokauka kidogo. "Anasema mama yake alikuwa mpishi wa nyumba moja kubwa hapa Brussels. Mabwana walisema Kifaransa. Walimkataza kusema Kiflamandi mbele ya watoto, lakini yeye aliwaimbia kwa Kiflamandi wakati wa kuwalaza. Anauliza, wale wapishi wa Uingereza, iliishaje?"

Iliishaje! Miaka yote ile Prof alikuwa anasubiri mtu mmoja, mmoja tu, amwulize iliishaje. Na aliyeuliza ni Mflamandi, na aliyeulizwa ni mimi. Nilimwona anainuka nusu kutoka kwenye kiti. Maman Prof akamshika mkia wa koti akamrudisha chini.

Nikasimulia yote. Nilichanganya karne, najua, maana Prof alifumba macho. Niliruka ule mkono wa kuume, kwa adabu. Nilipofika kwenye sheria ya kusema Kiingereza iliyoandikwa kwa Kifaransa, nilishusha sauti kama yeye, nikangoja. Kifaransa kikapita, Kiflamandi kikapita, na yule mkulima akapiga goti lake, akacheka mpaka akatoa kitambaa, akafuta macho, na ikawa si kicheko tena. Watu wake wote walikuwa wanacheka na kufuta macho. Nikasema: "Basi sisi huyu binti tulimlea kwa lugha ya jikoni. Mkimchukua, chukueni na jiko lake." Mjomba akajibu kwamba kwao jikoni ndiko watu wanakokaa, sebuleni wanaingia padri na polisi tu. Bénédicte akaitwa, akaulizwa kama tupokee mahari yao, akasema tupokee, na kina mama wakapiga vigelegele.

Ndipo nikagundua kwamba kifuniko hakikugongwa. Kina mama walikuwa wamesimama kwenye mlango wa jiko, miiko mikononi. Bukari ilikuwa imeiva zamani, na ilikuwa imepoa. Tuliila hivyo hivyo, ngumu, na mgeni mmoja akauliza kama ndivyo inavyoliwa.

Nilimkuta Prof wiki kadhaa baadaye kwenye ngazi, lifti imeharibika, amesimama kati ya ghorofa mbili, ana mfuko wa viazi, anapumua vibaya. Nikamshikia mfuko.

"Ile loi uliweka karne ya makabaila," alisema, bila salamu. "Hapana. Ilikuja nyuma ya ile ugonjwa yao kubwa, ile tauni. Na Baflamand uliwaficha."

"Walikuwa wakwe, papa."

"Histoire haiko na bakwe." Akapanda ngazi moja, akasimama. Nilimwona anatafuta pumzi, na nilimwona anatafuta kitu kingine pia, ambacho hakuwahi kukijua. "Ulisema muzuri," akasema mwisho, akiutazama ukuta. "Kwa matanga yangu, ni wewe utasema. Na siku ile sitaweza kukukosoa. Donc soma."

Amefariki Jumatano. Maman Prof alinishushia karatasi zote za ile tasnifu kwenye mifuko ya viazi, na nimezisoma. Conclusion haimo. Nimefika kwenye Waflamandi, na safari hii nitawataja. Mjomba wa chikori ameshasema atakuja na watu wake.

Jioni hii Maman Chorale amepiga simu kuuliza kesho, nikianza kusema, aweke maji saa ngapi.

Nimemwambia asiwashe jiko mpaka nikae.